Ofisi ya watu wawili inawezaje kumlinda mlaji?

Msomaji mmoja ameandika hivi:

"Mtaalamu, shikamoo. Halmashauri yetu imenikabidhi mimi na mwenzangu mmoja kazi ya kusimamia sheria ya kumlinda mlaji. Hatuna maabara, mwanasheria tunamwazima idara nyingine, na malalamiko ni mengi: mizani, lebo, bidhaa zilizopita muda, watu walioagiza kitu mtandaoni wakaletewa kingine. Kampuni kubwa zina mawakili. Wadogo nao tukiwabana sana tunaua biashara zao. Wenzangu wanasema hii ni kazi ya mamlaka ya taifa, sisi tungoje maelekezo. Ni kweli? Na kama si kweli, tuanzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu.

La kwanza nalijibu bila kuzunguka: si kweli. Sheria ya kumlinda mlaji hutungwa bungeni, lakini huvunjwa kaunta, kwenye pampu ya mafuta, mlangoni mwa mzee aliyefuatwa na muuzaji wa kupitapita, kwenye simu ya mtu aliyeagiza kitu usiku. Mamlaka ya taifa iko mbali na sehemu zote hizo. Nyinyi mkingoja maelekezo kutoka juu, mjue na walioko juu wanangoja taarifa kutoka kwenu, na katikati ya kungojana huko muuzaji mdanganyifu anaendelea kupima.

Tazama jinsi hasara ya mlaji ilivyo. Mizani iliyochezewa humpunja mteja mmoja kiasi kidogo, hakitoshi kumpeleka mahakamani. Akipiga hesabu ya nauli, siku ya kazi atakayoikosa na ada ya kufungua shauri, anaona heri anyamaze. Kwa muuzaji hesabu ni nyingine kabisa: kidogo kile mara wateja wote wa siku, mara siku zote za mwaka. Madai mengi ya kawaida humngoja aliyeumia aje mwenyewe. Hapa tukimngoja tumekwisha, kwa sababu wengi hawatakuja, na wachache watakaokuja kila mmoja atakuja peke yake akidhani ni yeye tu aliyepatwa. Lazima awepo mtu wa kukusanya vidogo vya wengi na kuviona kuwa kosa moja. Mtu huyo ni wewe.

Rais John F. Kennedy wa Marekani alipoliandikia Bunge la nchi yake tarehe 15 Machi 1962, alitaja haki nne za mlaji: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Ndiyo sababu Siku ya Haki za Mlaji Duniani huadhimishwa kila tarehe 15 Machi. Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo yake mwaka 1985, ukaipanua mwaka 1999 na kuipitia upya mwaka 2015. Katika zile haki nne, tatu za mwanzo zinaweza kusukumwa mbele kwa viwango, lebo na kanuni zinazoandikwa mji mkuu. Ya nne haisukumwi kwa waraka. Mlaji husikilizwa na mtu, na mtu huyo sharti awe mahali ambapo mlaji anaweza kufika.

Nchi nyingi zimejipanga kwa kulitambua hilo, kila moja kwa namna yake. Uingereza hutunga sheria kitaifa, lakini sehemu kubwa ya kukagua na kuchunguza iko mikononi mwa halmashauri, na sheria yake ya vipimo ya mwaka 1985 inadai kila mamlaka ya vipimo ya eneo iwe na mkaguzi mkuu wake. Kanuni ya ulinzi wa mlaji ya Brazil ya mwaka 1990 inaziweka ofisi za manispaa ndani ya mfumo mmoja na zile za majimbo na za shirikisho. Katiba ya Kenya ya 2010 imezipa kaunti usimamizi wa biashara, ikiwemo kuhakikisha biashara inafanywa kwa haki. India ilianzisha mabaraza ya wilaya ya kusikiliza migogoro ya walaji kwa sheria ya 1986, na sheria mpya ya 2019 ikampa msimamizi mkuu wa wilaya uwezo wa kuchunguza makosa yanayowagusa walaji kwa ujumla wao. Jiji la New York lilitunga sheria yake lenyewe mwaka 1969, na idara ya jiji ya masuala ya walaji, iliyoongozwa na Bess Myerson, ikaisimamia huku pia ikishika leseni za aina nyingi za biashara. Huko kushika leseni na malalamiko kwa mkono mmoja ni nguvu kubwa, nitalirudia baadaye kwa sababu lina hatari yake.

Kwa hiyo kabla hujatoka mlangoni, soma sheria inayokupa kazi uone inakupa nini hasa. Unaruhusiwa kuingia wapi, saa ngapi, kwa notisi au bila notisi? Unaweza kuchukua bidhaa, au kuzizuia zisiuzwe tu? Unaweza kushtaki mwenyewe au lazima upitie kwa mwendesha mashtaka? Uingereza, kwa mfano, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inataka ukaguzi wa kawaida utanguliwe na notisi ya maandishi ya angalau siku mbili za kazi, isipokuwa katika hali zilizotajwa, kama vile pale ambapo mkaguzi ana sababu ya kushuku kosa. Ununuzi wa majaribio hauhitaji notisi hiyo. Mkaguzi asiyejua tofauti hizi anaweza kukamata mzigo halali kwa njia isiyo halali, na hapo wakili wa upande wa pili hatahangaika kabisa na mzigo; ataishika njia.

Sasa, mwanzie wapi? Mwanzie kwenye daftari.

Najua ulitarajia niseme operesheni, magari na vipaza sauti. Nimekaa katika kazi hii muda mrefu, na naamini kwa moyo wote kwamba ofisi ndogo yenye daftari zuri la malalamiko inamlinda mlaji kuliko ofisi kubwa isiyo nalo. Daftari ni karatasi au kompyuta, vyovyote. Liwe moja tu, lisiwe la kila afisa na lake. Kila lalamiko liandikwe siku lilipofika: nani, lini, wapi, alinunua nini, alilipaje, alionyeshwa nini na kuambiwa nini kabla ya kulipa, ana risiti au ujumbe wa malipo, anataka afanyiwe nini. Jina la mfanyabiashara liandikwe kama lilivyo kwenye leseni, maana jina la kwenye kibao na jina la mwenye biashara mara nyingi ni vitu viwili. Na maneno ya mlalamikaji yaandikwe kama alivyoyasema. Ukiandika "alidanganywa kuhusu ubora" umeandika hukumu yako. Ukiandika "aliniambia ni mpya, nikakuta skrubu zina alama za bisibisi" umeandika ushahidi.

Kisha ongeza safu moja ambayo ofisi nyingi hazina: mbinu. Usipange malalamiko kwa jina la duka tu. Yapange pia kwa namna mtu alivyopunjwa. Niliwahi kukaa na daftari la ofisi moja lililokuwa na malalamiko ya mizani dhidi ya wafanyabiashara saba wasiofahamiana. Kwa majina, yalikuwa mambo saba madogo. Tulipoyapanga kwa mbinu na kuuliza kila mmoja mizani yake ilitengenezwa na nani, wote walimtaja fundi yuleyule. Wawili kati yao walikuwa hawajui kabisa kwamba mizani yao ilikuwa inapunja. Siku ile tulisimamisha kosa kwenye chanzo chake, bila kuwasimamisha watu saba kizimbani.

Kanuni ya Brazil niliyoitaja ina kifungu ambacho natamani kila nchi ingekuwa nacho. Kifungu cha 44 kinaziagiza ofisi za umma za kumtetea mlaji ziwe na orodha ya malalamiko yenye msingi dhidi ya wauzaji, ziitangaze hadharani kila mwaka, na zionyeshe kama muuzaji aliyashughulikia au hakuyashughulikia. Fikiria uzito wa hilo. Muuzaji halipi faini yoyote, lakini anajua mwisho wa mwaka majirani zake watasoma. Kama sheria yenu inaruhusu kutangaza, tangazeni kwa uangalifu: yaliyothibitika tu, na baada ya mhusika kupewa nafasi ya kujibu. Kama hairuhusu, walau mpelekeeni mkurugenzi na madiwani takwimu zisizo na majina, ili wajue eneo lao linaumwa wapi.

Daftari nalo lina upofu wake. Linawaonyesha wenye simu, wenye maneno na wenye ujasiri wa kuingia ofisini. Halimwonyeshi asiyejua kusoma lebo, mgeni asiyejua lugha, mzee anayeona aibu kusema ametapeliwa, mgonjwa anayenunua kwa muuzaji mmoja kwa sababu hana pa kwenda. Miongozo ya Umoja wa Mataifa inawataja wazi walaji walio katika hali dhaifu, na kwa uzoefu wangu hao ndio wanaopunjwa kwa utaratibu, kwa kuwa muuzaji anajua hawatarudi. Siku moja kwa wiki tokeni, mkaulize. Kaeni kwenye foleni ya watu wanaopokea pensheni, nendeni kliniki, nendeni kwenye vikao vya mtaa. Malalamiko mtakayoyapata huko yaandikwe kwenye daftari lilelile.

Mkishakuwa na picha ya miezi mitatu hivi, mchague. Hamwezi kufanya yote, na anayejaribu kufanya yote huishia kufanya yaliyo karibu na ofisi. Chagua kwanza kinachoweza kuua au kuunguza: vifaa vya umeme, dawa, gesi, vitu vya watoto. Kisha mbinu inayowagusa wengi. Kisha inayowagusa wachache lakini wasioweza kujitetea. Yaliyobaki yapate usuluhishi wa haraka: simu kwa mfanyabiashara, barua fupi yenye kifungu cha sheria na tarehe ya kujibu. Mengi yanaishia hapo na mlaji anarudishiwa haki yake.

Lakini kwenye usuluhishi kuna mtego ambao umewanasa wakaguzi wazuri. Wapo wafanyabiashara ambao humrudishia fedha kila anayelalamika, haraka na kwa heshima, na wakaendelea kuwapunja wote wasiolalamika. Kwao, kurudisha ni gharama ya biashara. Ukifunga faili kwa kuandika "limesuluhishwa" na kulisahau, umeshirikiana nao bila kujua. Lalamiko lililosuluhishwa libaki kwenye hesabu ya mbinu. Likija la tano la namna hiyohiyo, acha kusuluhisha, anza kuchunguza.

Uchunguzi unaanza na kununua kama mteja. Mmoja wenu anunue, mwingine ashuhudie akiwa mbali kidogo. Lipa kwa njia inayoacha alama, chukua risiti, na risiti isipotolewa andika kwamba uliiomba ikakosekana. Andika palepale, si jioni, maana mahakama huamini zaidi yaliyoandikwa tukio likiwa bado bichi. Baada ya ununuzi jitambulishe, onyesha kitambulisho, kifunge kielelezo mbele ya muuzaji, weka lakiri au gundi yenye sahihi zenu wote, na kama sheria inadai agawiwe sehemu ya sampuli ili akapime kwake, mpe. Kuanzia hapo kila mkono utakaokishika kielelezo hicho uandikwe. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilipoteza shauri la bidhaa ya hatari kwa sababu sampuli ilikaa kabatini siku mbili na hakuna aliyeandika ufunguo ulikuwa na nani. Bidhaa ile ilirudi sokoni. Sijasahau, na sitaki wewe upitie hapo.

Kuhusu maabara, usihuzunike sana. Makosa mengi kabisa hayahitaji maabara. Lebo isiyo na lugha inayotakiwa, tarehe iliyofutwa na kugongwa upya, bei ya rafuni tofauti na ya kwenye risiti, fomu ya mkataba inayosema "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" mahali ambapo sheria inampa mlaji haki ya kurudisha yenye kasoro, dhamana iliyotangazwa na isiyoheshimiwa: hivi vyote vinathibitishwa kwa macho, kamera na karatasi. Kwa vipimo mnahitaji mizani iliyohakikiwa na mawe ya kupimia yenye cheti ambacho hakijaisha muda. Bila cheti hicho, mizani yenu nayo ni neno la mtu mmoja dhidi ya la mwingine.

Niseme kidogo juu ya vifurushi vilivyofungwa kiwandani, kwa sababu hapa wakaguzi wapya huwaonea watu wasio na kosa na kuwaacha wenye kosa. Unapima kifurushi kilichoandikwa kilo 1, unakuta gramu 990, unaandika faini. Umekosea. Nchi nyingi hufuata kanuni inayofanana na pendekezo namba 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria lililoundwa mwaka 1955. Kwa pendekezo hilo, hukumu hutolewa juu ya kundi zima, kwa sampuli iliyochukuliwa bila kuchaguachagua. Wastani wa kundi usipungue kiasi kilichoandikwa. Upungufu unaovumilika kwa kifurushi cha kilo 1 ni gramu 15, na ni vichache tu vinavyoruhusiwa kupungua zaidi ya hapo, yaani asilimia 2.5. Hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kupungua zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, yaani kushuka chini ya gramu 970. Kwa hiyo kifurushi cha gramu 990 peke yake hakimtii mtu hatiani. Ila ukipima sampuli nzima ukakuta vyote viko kati ya 986 na 992, hakuna hata kimoja kilichovuka mstari, na bado kundi limeanguka, kwa kuwa wastani wake umepungua. Huyo amejifunza mstari uko wapi na anajaza kwa kuufuata. Ndiye unayemtafuta. Thibitisha kwanza jedwali la nchi yenu linasemaje, kisha lijue kwa moyo.

Sasa wadogo, ambao nimefurahi kuona unawajali. Swali la kujiuliza mbele ya kila kosa ni kama huyu alikosea au alidanganya. Aliyekosea hujulikana: anakuonyesha mizani bila kusita, anauliza afanyeje, ukirudi amesharekebisha. Huyo mpe maelezo kwa mdomo na karatasi yenye tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Kisha rudi tarehe hiyo. Kurudi ndiyo kazi yenyewe. Onyo lisilofuatwa na ziara ya pili huwafundisha watu wote wa mtaa ule kwamba karatasi zenu hazina uzito. Asiyerekebisha apate onyo kali la maandishi, halafu kufifilishwa kwa kosa, yaani kulikiri na kulilipia bila kufika mahakamani, pale sheria inaporuhusu, halafu mahakama. Aliyedanganya kwa kupanga, mwenye mizani mbili chini ya kaunta, hana sababu ya kupitia ngazi zote hizo. Anza naye juu.

Wala usifikiri kwamba kumwacha mdogo anayedanganya ni kumhurumia mdogo. Jirani yake ni mdogo pia, anapima sawasawa, na kwa sababu hiyo anaonekana ghali. Kila wiki unayochelewa, yeye ndiye anayepoteza wateja. Nimewaona wafanyabiashara waaminifu wakija kulia ofisini, si kwa ajili ya faini, bali kwa kukata tamaa. Ukienda kuwauliza hao kwa siri, watakupa taarifa ambazo hakuna mlaji anayezijua.

Kuhusu wakubwa, nikupe mifano miwili ya kweli, mmoja wa kukutia nguvu na mmoja wa kukuonya.

Mwaka 2015 ofisi ya mwanasheria wa jiji la Los Angeles iliishtaki benki ya Wells Fargo, moja ya benki kubwa za Marekani, kufuatia habari zilizoandikwa na gazeti la mji huo. Wafanyakazi wa benki, wakisukumwa na malengo ya mauzo, walikuwa wakiwafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Kwa mteja mmoja mmoja madhara yalikuwa tozo ndogo au usumbufu. Kwa ujumla wake, benki yenyewe ilikadiria kwamba akaunti milioni 2 hivi huenda zilifunguliwa bila idhini. Septemba 2016 yalifikiwa makubaliano ya malipo ya dola milioni 185, kwa jiji pamoja na mamlaka mbili za shirikisho, na milioni 50 kati ya hizo zikaenda kwa jiji na kaunti ya Los Angeles. Silaha ya jiji ilikuwa sheria ya jimbo la California dhidi ya ushindani usio wa haki, ambayo huhesabu adhabu kwa kila kosa moja, hadi dola 2,500. Hebu itafakari hesabu hiyo: ukubwa wa kampuni, ambao ndio uliokuwa unakutisha, ndio unaozidisha makosa na hivyo adhabu. Angalia kama sheria yenu nayo inahesabu kosa kwa kila mteja, kwa kila siku au kwa jumla. Ikihesabu kwa jumla, liandikie bunge kupitia halmashauri. Hapo pana tatizo la kweli.

Mfano wa pili ni wa Uingereza. Kuna utaratibu, ulioanza mwaka 2009, unaoiruhusu kampuni inayofanya kazi sehemu nyingi kuchagua halmashauri moja iwe mshauri wake mkuu, na ushauri wa halmashauri hiyo huheshimiwa na nyingine zote. Lengo ni zuri, kampuni isisumbuliwe kwa tafsiri mia tofauti. Kampuni ya Whirlpool ilikuwa na ubia wa namna hiyo na halmashauri ya Peterborough. Novemba 2015 ilitangazwa kwamba aina fulani za mashine zake za kukaushia nguo zina kasoro inayoweza kuwasha moto, lakini wenye mashine waliambiwa wanaweza kuendelea kuzitumia wakiwa karibu huku wakingoja matengenezo. Agosti 2016 jengo la ghorofa magharibi mwa London liliungua kwa moto ulioanzia kwenye mashine ya aina hiyo. Ilichukua hadi Februari 2017, baada ya shirika la walaji la Which? kutaka mahakama iupitie uamuzi wa halmashauri, ndipo watu wakaambiwa wazi wachomoe mashine zao kwenye umeme. Januari 2018 serikali ikaanzisha ofisi ya kitaifa ya usalama wa bidhaa. Naisoma habari hii kwa uchungu. Bidhaa iliyosambaa nchi nzima iliachwa mikononi mwa halmashauri moja.

Kwa hiyo wenzako wana sehemu ya ukweli. Kuna mambo ya kupandisha juu: bidhaa inayotengenezwa au kuingizwa nchini kupitia eneo lisilo lenu, hatari kwa maisha inayohitaji kurudishwa kwa bidhaa nchi nzima, mbinu inayoonekana katika wilaya zaidi ya moja. Ila kupandisha juu si kujivua. Peleka faili zima, si barua ya mistari minne: malalamiko yaliyopangwa, vielelezo, picha, namba za toleo la bidhaa, na mnachoomba kifanyike kwa tarehe gani. Pata uthibitisho wa kupokelewa. Na wakati mnangoja, tumieni mamlaka yenu ndani ya eneo lenu: bidhaa hiyo iondoke rafuni leo. Waandikieni pia majirani zenu wa wilaya nyingine. Ofisi nne za watu wawili wawili zinazobadilishana madaftari kila mwezi ni ofisi ya watu wanane.

Waliodanganywa mtandaoni ni wa kwenu, hata kama muuzaji hayupo kwenu. India imelimaliza vizuri swali hilo: sheria yake ya 2019 inamruhusu mlaji kufungua lalamiko pale anapoishi au anapofanyia kazi. Kama sheria yenu haisemi hivyo, bado mna pa kushika: aliyeleta mzigo ana anwani, aliyepokea fedha ana akaunti, na jukwaa la mauzo lina wajibu wake. Mfundisheni mlaji apige picha ya ukurasa wa tangazo ukiwa na anwani yake ya mtandao na tarehe kabla haujafutwa, na arekodi anapofungua mzigo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni inayotumika tangu Januari 2020, umezipa mamlaka za nchi wanachama uwezo wa kununua kwa majaribio mtandaoni na, kama njia nyingine hazitoshi, kuagiza ukurasa wenye madhara makubwa uondolewe. Uwezo kama huo huwa ngazi ya taifa, hivyo hapa faili lako ndilo litakaloamua kama utatumika.

Nilisema nitarudi kwenye leseni. Halmashauri inayotoa leseni, inayokusanya ushuru na inayomlinda mlaji ina mikono mitatu kwenye mfuko mmoja wa mfanyabiashara. Nguvu yake ni kwamba leseni inaweza kusimamishwa kwa mdanganyifu sugu. Hatari yake ni faini kugeuka chanzo cha mapato. Siku ambayo ofisi yenu itapewa lengo la kukusanya kiasi fulani cha faini kwa mwezi, mtaanza kukamata walio rahisi kukamatika, na mdanganyifu mkubwa atabaki salama kwa kuwa anachukua muda. Kataeni lengo hilo kwa maandishi. Pendekezeni kupimwa kwa kitu kingine: asilimia ya mizani zinazopita uhakiki kwenye ziara za kushtukiza, muda wa kujibu lalamiko, wangapi wamerudishiwa haki yao. Msipokee fedha taslimu mkononi mahali pa ukaguzi, kamwe. Nendeni wawili, badilishaneni maeneo, na kila ziara iache nakala yenye namba kwa mfanyabiashara, hata ile ambayo hamkukuta kosa.

Mwanasheria wa kuazima anatosha ukimtumia mapema. Usimpelekee faili lililokamilika likiwa limeharibika. Kaa naye siku moja mwanzoni, aandike nawe fomu tano: ya lalamiko, ya ukaguzi, ya kuchukua kielelezo, ya onyo na ya maelezo ya shahidi. Mwulize kila kosa katika sheria yenu linahitaji kuthibitishwa mambo gani, uyaandike kwenye karatasi moja ubebe mfukoni. Mwulize pia ni makosa gani ya jinai, ambapo lazima uthibitishe pasipo kuacha shaka, na yapi ni ya madai au ya kiutawala, ambapo kipimo ni chepesi zaidi. Mara nyingi amri ya kumzuia muuzaji asiendelee, au makubaliano ya maandishi ya kuwarejeshea wateja wote, humsaidia mlaji haraka kuliko kesi ya jinai ya miaka miwili.

Na kila faili linapofungwa, mwambie aliyelalamika lilikoishia. Mpigie au mwandikie, hata kama jibu ni kwamba ushahidi haukutosha, na umweleze ni ushahidi gani uliokosekana. Safu ya mwisho ya daftari iwe hiyo: tarehe aliyoarifiwa, na jina la aliyemwarifu.